Maisha ya Sheikh Ibn Sina, Tabibu Aliyekuwa Waziri

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake na jamaa zake na masahaba wake, tumekusudia katika kijitabu hiki kueleza maisha ya Abu Ali Huseyn bin Abdillah bin Sina, ambaye watu wa Mashariki walimpa jina la Sheikh Raisi na watu wa Ulaya wakamwita Avicenna. Wengi wamelisikia jina lake, lakini wachache wajua namna alivyokuwa akipitisha siku zake. Watu hudhani kuwa mtu aliyetunga kitabu kikubwa kama Qanun alikuwa amekaa chumbani pake ametulia, hana la kumshughulisha ila kalamu yake na wagonjwa wake. Sivyo hata kidogo. Alikuwa tabibu, na juu ya utabibu alikuwa waziri wa serikali, na mwalimu wa wanafunzi wengi, na mshauri wa wafalme, na mfuasi wa majeshi katika vita visivyokuwa vyake.

Tumeyachagua maisha haya kwa sababu jambo lililompata yeye lawapata matabibu wa kila zama. Tabibu akisha kujulikana kwa ilimu yake, watu humtaka kwa kila shauri. Huitwa barazani, huombwa kufundisha, hupewa cheo katika serikali, husafirishwa huku na huku, na kila mwito una heshima yake na faida yake. Na huku nyumbani kwake mgonjwa amekaa kibarazani angoja. Basi je, yawezekana mtu mmoja kuzichukua kazi mbili bila ya kuidhulumu mojawapo? Swala hili hatutalijibu kwa maneno matupu. Tutaisimulia khabari ya Ibn Sina kama alivyoiandika mwenyewe katika ujana wake, na kama alivyoimaliza mwanafunzi wake Abu Ubeyd al-Juzjani, aliyesuhubiana naye kiasi cha miaka 25. Kisha msomaji apime.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa katika mwezi wa Safar mwaka wa 370 wa Hijria, nao ni mwaka wa 980 wa Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, naye alikuwa mtumishi wa serikali ya wafalme wa Kisamani, amepewa kusimamia mji mdogo katika nchi ya Bukhara. Mama yake aliitwa Sitara. Kisha jamaa wote wakahamia Bukhara mjini, na huko mtoto akatiwa chuoni. Alipofikia umri wa miaka 10 alikuwa amekwisha hifadhi Kurani na kusoma vitabu vingi vya adabu. Hesabu za Kihindi alijifunza kwa mwuza mboga wa mji ule, na fikihi alisoma kwa Sheikh Ismail az-Zahid, na mantiki kwa mwalimu aliyeitwa an-Natili.

Kisha akaingia katika ilimu ya utabibu. Hiyo hakuiona kuwa ngumu, akaishika kwa muda mchache, hata matabibu wenye sifa wakawa wakija kusoma kwake. Lakini hakutosheka na vitabu. Aliwatazama wagonjwa na kuwauguza, na katika kuwauguza akafunukiwa na milango ya tiba ambayo hakuipata katika maandiko. Na wakati huo huo hakuiacha fikihi, alikuwa akienda katika majlisi za mafakihi na kujadiliana nao, naye umri wake ni miaka 16. Kwa hiyo tangu ujana wake alikuwa na shughuli mbili: asubuhi yuko na mas'ala ya sharia, jioni yuko na homa na vidonda vya watu. Mas'ala yakimtatiza huenda msikitini akasali na kumwomba Mola wake amfungulie, kisha hurudi nyumbani akawasha taa akasoma mpaka usiku mkuu.

MGONJWA WAKE WA KIFALME

Alipokuwa na umri wa kiasi cha miaka 17, aliugua Amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, ugonjwa uliowashinda matabibu wake. Wao wenyewe wakalitaja jina la kijana huyu mbele ya Amiri, na wakaomba aitwe. Akaenda, akashirikiana nao katika kumtibu, na tangu siku hiyo akawa katika watumishi wa Amiri. Naye hakuomba dhahabu wala shamba. Aliomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mfalme, akaona vyumba vingi, kila chumba kina makasha ya vitabu vya ilimu moja, akasoma humo vitabu ambavyo watu wengi hawakupata kuvisikia hata majina yake.

Hii ndiyo mara ya kwanza utabibu kumfungulia mlango wa nyumba ya mfalme. Msomaji na aikumbuke, kwani tokea hapo mpaka kufa kwake mambo yalikwenda kwa njia hiyo hiyo. Mfalme huugua, hupata nafuu, akampenda tabibu wake, kisha akamtia katika kazi nyingine isiyokuwa ya utabibu.

KUTOKA BUKHARA

Baba yake akafariki, na mzigo wa maisha ukamwangukia yeye. Ikambidi kushika baadhi ya kazi za serikali. Lakini ufalme wa Wasamani ulikuwa umekwisha vunjika. Mwaka wa 999 Waturuki wa Karakhani waliingia Bukhara, na mambo ya nchi yakageuka. Ibn Sina akatoka akaenda Gurganj katika nchi ya Khwarazm, amevaa mavazi ya mafakihi, na huko akaandikiwa mshahara wa kila mwezi unaomtosha mtu kama yeye. Kisha akaondoka tena, akapita mji hata mji, akikusudia kufika kwa Amiri Qabus wa Jurjan, aliyekuwa mashuhuri kwa kupenda wanavyuoni. Alipokaribia, Qabus alikuwa amekwisha kamatwa na watu wake mwenyewe, akafungwa ngomeni, akafa huko.

Katika Jurjan ndipo alipoonana na al-Juzjani. Tajiri mmoja aliyependa ilimu akamnunulia nyumba karibu na yake, na humo akaanza kukiandika kitabu cha Qanun. Ni vitabu vitano ndani ya kimoja. Cha kwanza ni misingi ya utabibu, cha pili dawa moja moja, cha tatu maradhi ya viungo tangu kichwa mpaka miguu, cha nne maradhi yasiyokuwa na kiungo kimoja kama homa, na cha tano dawa za kuchanganywa. Lakini hakukaa Jurjan hata akakimaliza. Alikwenda Rayy, akamtibu Amiri mdogo Majd ad-Daula aliyekuwa na ugonjwa wa huzuni na wasiwasi, ule ambao matabibu wa zamani waliuita sauda. Kisha mambo ya dunia yakamsukuma mpaka Hamadan.

UWAZIRI WA HAMADAN

Amiri wa Hamadan alikuwa Shams ad-Daula, ndugu wa Majd ad-Daula. Alikuwa akiugua msokoto wa tumbo, ule ambao Waarabu huuita qulanj. Akaitwa Ibn Sina, akakaa katika nyumba ya Amiri siku 40 mchana na usiku akimwuguza mpaka akapona. Tazama vizuri hapa, ewe ndugu msomaji: siku 40 kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja. Hapana kazi ya tabibu iliyo bora kuliko hiyo. Akatoka hapo na mavazi ya heshima na zawadi nyingi, na Amiri akamfanya mmoja wa watu wake wa karibu.

Haukupita muda Amiri akatoka kwenda vitani, na tabibu akafuatana naye. Wakashindwa, wakarudi Hamadan. Ndipo alipotakiwa kuwa waziri, naye akakubali. Na uwaziri wa siku hizo haukuwa jina tu. Waziri ndiye aliyeangalia hazina na mapato ya nchi, na mishahara ya askari imo katika mambo anayoulizwa. Askari wakamwogopa au wakamchukia, wakaizunguka nyumba yake, wakamkamata wakamtia kifungoni, wakapora mali yake yote, na wakamtaka Amiri amwue. Amiri akakataa kumwua, lakini alimwondoa katika serikali ili kuwaridhisha. Mtu aliyekuwa jana waziri akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki yake.

Kisha msokoto wa tumbo ukamrudia Amiri. Wale askari waliotaka kichwa cha waziri hawakuwa na dawa ya tumbo la bwana wao. Akatafutwa Ibn Sina, akaletwa, Amiri akamwomba radhi kwa kila namna, naye akaanza kumtibu tena. Alipopata nafuu alimrudishia uwaziri mara ya pili. Kwa hivyo cheo chake kilisimama juu ya utabibu wake. Cheo kilipomwangusha, utabibu ulimwinua. Lakini ulipomwinua, ulimrudisha pale pale alipoangukia.

MCHANA WA AMIRI NA USIKU WA WANAFUNZI

Katika uwaziri huu wa pili al-Juzjani alimtaka afanye sherehe ya vitabu vya Aristotle. Akamjibu kuwa hana nafasi ya kazi hiyo, lakini kama wataridhika na kitabu atakachotia yale aliyoyaona kuwa ni sahihi, bila ya kushughulika na kuwajibu wapinzani, basi atakifanya. Wakaridhika, akaanza kitabu cha Shifa. Na Qanun wakati huo alikuwa amemaliza sehemu yake ya kwanza.

Basi alizipanga siku zake namna hii. Mchana wote ulikuwa wa Amiri, kwa kuwa shughuli za serikali haziachi nafasi. Usiku wanafunzi walikutanika nyumbani kwake. Al-Juzjani akisoma katika Shifa, na mwingine akisoma katika Qanun, kwa zamu, naye akieleza na kusahihisha. Kila usiku ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Hakungoja siku atakayokuwa na faragha, kwani alijua kuwa siku hiyo haiji. Alichukua saa ambazo watu wengine hulala, akazifanya kuwa ni haki ya ilimu, na hakumpa Amiri wala mgeni saa hizo.

Wala hatuyafichi makosa yake. Mwenyewe ameandika kwamba katika ujana wake akichoka usiku alikuwa akinywa kinywaji ili apate nguvu, na al-Juzjani ametaja kuwa baada ya darsa zile za Hamadan waliitwa waimbaji na vikatengenezwa vinywaji. Haya si ya kuigwa. Na katika mambo ya falsafa Imam Ghazali alimpinga kwa kitabu mashuhuri miaka kiasi cha 58 baada ya kufa kwake. Hilo lina mahali pake, na sisi hapa twasimulia utabibu wake.

KUKATAA, KUJIFICHA NA KUFUNGWA

Mwaka wa 412 wa Hijria, yaani 1021, Shams ad-Daula alitoka tena vitani. Njiani ule msokoto ukamshika kwa nguvu, na maradhi mengine yakaongezeka juu yake, kwa sababu hakujitunza wala hakushika sana maagizo ya tabibu wake. Askari wakaogopa, wakamrudisha Hamadan katika machela, akafa kabla ya kufika. Akatawala mwanawe, na wakubwa wakamtaka Ibn Sina aendelee kuwa waziri.

Safari hii alikataa. Alikuwa amekwisha kuujua uwaziri na gharama yake. Akaandika barua kwa siri kwa Amiri Ala ad-Daula wa Isfahan, akiomba kwenda kwake, na akajificha katika nyumba ya Abu Ghalib mwuza dawa. Humo al-Juzjani akamsihi aimalize Shifa. Akaomba karatasi na wino. Siku mbili akaandika vichwa vya mambo yote kutoka kifuani mwake, hana kitabu cha kutazama. Kisha akaviweka vichwa hivyo mbele yake, akawa akieleza kimoja kimoja, kila siku karatasi 50, mpaka akamaliza sehemu ya tabia za vitu na ya mambo ya Mungu, isipokuwa vitabu vya wanyama na mimea. Kazi ambayo katika uwaziri ilikwenda kwa usiku kidogo kidogo, katika mafichoni ilikwenda kama maji.

Lakini barua yake kwa Amiri wa Isfahan ikashukiwa. Maadui wakamwonyesha mtu alipo, akakamatwa, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Katika kifungo hicho aliandika vitabu, na kimoja katika hivyo ni risala juu ya ule ule ugonjwa wa msokoto wa tumbo, ambao kwao alikuwa amempoteza bwana wake. Nani asiyestaajabu? Mtu yumo gerezani, hajui kama atatoka, naye anakaa akiandika namna ya kuwapunguzia watu maumivu ya tumbo.

Baadaye akarudishwa Hamadan, na alipopata njia akatoka amevaa mavazi ya Masufi, pamoja na ndugu yake na al-Juzjani na watumishi wawili, wakapata taabu nyingi njiani, wakafika Isfahan.

MAISHA YAKE ISFAHAN

Huko alipokewa kwa heshima kubwa. Ala ad-Daula aliweka baraza ya ilimu kila usiku wa Ijumaa, wanavyuoni wote wakihudhuria, na Ibn Sina akiwa kati yao. Hapo akazimaliza Qanun na Shifa. Hata hivyo raha haikuwa kamili. Amiri huyu naye alikuwa mtu wa vita na safari, na popote alipokwenda tabibu wake alikwenda naye. Vitabu vya wanyama na mimea, vilivyosalia katika Shifa, aliviandika njiani katika safari moja ya Amiri. Amiri alimwagiza pia azipime nyota na kusahihisha kalenda za zamani. Vyombo vikatengenezwa, al-Juzjani akapewa kusimamia, lakini kazi ile ilikatika katika kwa wingi wa safari na vizuizi.

Na siku moja mbele ya Amiri mwanachuoni wa lugha alimwambia kuwa yeye ni mtu wa falsafa na hikima, lugha ya Kiarabu hakuisoma ya kutosha. Neno hilo likamwuma. Akaisoma lugha miaka mitatu mpaka akawa bingwa, na akaandika kitabu kikubwa katika hiyo. Lakini hakukinakili kwa mwandiko safi, kikabaki katika karatasi za kwanza mpaka akafa, na hapana aliyeweza kukitengeneza. Mwaka wa 1030 majeshi ya Sultani Masud wa Ghazna yakaingia Isfahan, yakapora mizigo ya Sheikh, na kitabu chake cha Insaf kikapotea pamoja na mizigo hiyo.

DAFTARI ZILIZOPOTEA

Lakini kuna hasara nyingine, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo kubwa kwa mtu wa kazi yake. Al-Juzjani asema kuwa Sheikh alipata mambo mengi ya majaribio katika wagonjwa aliowatibu, na alikuwa amekwisha yaandika katika karatasi, akikusudia kuyatia ndani ya Qanun. Karatasi hizo zikapotea kabla Qanun haijatimia.

Mwanafunzi wake ametuhifadhia mambo mawili tu katika hayo. La kwanza, siku moja Sheikh mwenyewe alishikwa na kichwa, akahisi kuwa uvimbe wataka kuingia kichwani, akaamrisha barafu nyingi, ikapondwa, ikafungwa katika kitambaa, akafunikwa nayo kichwa mpaka akapata nafuu. La pili, mwanamke mmoja wa Khwarazm aliyekuwa na kifua kikuu alimkataza dawa zote ila halwa ya mawaridi na sukari, na kwa muda mwingi akala kiasi cha ratili nyingi sana, akapona. Leo twajua kuwa kifua kikuu huletwa na vijidudu na dawa zake ni nyingine, wala mtu asiache dawa za hospitali kwa ajili ya hadithi hii. Tuliyoitajia ni kuonyesha tu mambo ya namna gani yaliyokuwamo katika karatasi zile: mgonjwa huyu alikuwa nani, alipatwa na nini, alipewa nini, na mwisho wake ulikuwaje.

Mtazame mwenziwe aliyemtangulia, Abu Bakr ar-Razi, aliyekuwa mkubwa wa hospitali katika Rayy na Baghdad. Yeye naye aliandika khabari za wagonjwa wake, na alipokufa karatasi zake zikakusanywa na wanafunzi, zikawa kitabu kikubwa kiitwacho Hawi, na mpaka leo twaweza kusoma humo wagonjwa wake mmoja mmoja. Ibn Sina alituachia kanuni za utabibu zilizopangwa vizuri kuliko za mtu yeyote aliyekuwa kabla yake, kitabu kilichotiwa katika Kilatini na Gerard wa Cremona huko Toledo katika karne ya 12, kikafundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya mpaka karne ya 17, na kikapigwa chapa kwa Kiarabu mjini Roma mwaka wa 1593. Lakini wagonjwa wake wenyewe wametupotea. Kanuni zilipata usiku wake na wanafunzi wa kuzisoma na kuzinakili. Karatasi za wagonjwa hazikupata saa yake wala mtu wa kuzichunga.

KUFA KWAKE

Mwisho wake wahuzunisha. Alikuwa mtu mwenye nguvu sana, akaitegemea nguvu yake, akaufanyisha mwili wake kazi na starehe bila ya kiasi. Katika moja ya vita vya Ala ad-Daula alishikwa na msokoto wa tumbo, ugonjwa ule ule aliowatibia wafalme na kuuandikia kitabu. Jeshi lilikuwa katika kukimbia, naye aliogopa kuachwa nyuma katika hali haendi wala hachukuliki. Kwa haraka ya kutaka kupona, akajipiga bomba ya dawa mara 8 kwa siku moja. Matumbo yakafanya vidonda. Hakuna mgonjwa ambaye Ibn Sina angalimtibu kwa haraka namna hiyo. Lakini huyu alikuwa ni yeye mwenyewe, na jeshi halingoji.

Aliagiza katika dawa yake itiwe mbegu za mboga iitwayo kwa Kiarabu karafs, uzani wa daniki mbili, nayo ni thuluthi ya dirham. Tabibu aliyemhudumia akatia dirham tano, yaani mara 15. Al-Juzjani asema hajui kama alikusudia au alikosea, kwani yeye hakuwapo. Na baadhi ya watumishi wake, waliokuwa wamekula mali katika hazina yake wakaogopa atakapopona, wakamzidishia afyuni katika dawa nyingine. Mtu aliyewaangalia wengine hakuwa na wa kumwangalia.

Akachukuliwa Isfahan, akapata nafuu kidogo, lakini hakujizuia, na ugonjwa ukawa ukimrudia. Alipofuatana na Amiri kwenda Hamadan ulimzidia njiani. Alipofika alijua kuwa nguvu zake zimekwisha, na kuwa ule uliokuwa ukiuendesha mwili wake hauwezi tena kuuendesha. Akaacha kujitibu. Akatubu kwa Mola wake, akatoa mali yake sadaka kwa maskini, akarudisha haki za watu aliowajua, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akisoma Kurani. Akafariki katika mwezi wa Ramadhani mwaka wa 428, nao ni Juni 1037, umri wake miaka 58 kwa hesabu ya Hijria. Akazikwa Hamadan, na kaburi lake liko huko. Jengo lililo juu yake sasa lilijengwa katika miaka ya 1950.

MAZINGATIO

Hii ndiyo khabari yake. Sasa turudi katika swala letu la mwanzo.

Mwenye kusema kuwa tabibu asishike kazi nyingine yoyote amekosa, kwani Ibn Sina alishika kazi nyingi na ulimwengu ukanufaika. Na mwenye kusema kuwa mtu hodari aweza yote, naye amekosa, kwani hapakuwa na hodari zaidi kuliko yeye, na bado vilimpotea vitu viwili: khabari za wagonjwa wake, na mwili wake mwenyewe.

Ukitazama sana utaona tafauti ya vilivyosalimika na vilivyopotea. Qanun na Shifa zilisalimika kwa kuwa alizikatia wakati maalumu, nao ni usiku, na akaweka watu wa kuzishika pamoja naye, nao ni al-Juzjani na wenziwe. Vilivyopotea ni vile alivyoviwekea nafasi itakayobaki. Na katika maisha ya mtu anayetakiwa na watu wengi, nafasi haibaki. Mfalme huichukua yote.

Basi ewe tabibu uliyeitwa katika baraza, au katika mafundisho, au katika kazi ya serikali, usikatae kwa uvivu wala usikubali kwa ajili ya sifa. Kwanza jiulize: siku nitakayokuwa huko, nani atakaa na wagonjwa wangu, na amekwisha ambiwa khabari zao? Ukiwa na jibu, nenda. Ukiwa huna, mgonjwa amekutangulia kwa haki. Khabari ya mgonjwa iandike siku ile ile uliyomwona, na uiweke mahali ambapo mwenzio ataiona usipokuwapo. Agizo la dawa lihakikishe kwa jicho lako, kwani baina ya daniki mbili na dirham tano kuna uhai wa mtu. Na mwili wako uupe saa yake kama unavyompa mgonjwa, wala usijitibu kwa haraka ambayo hungeikubali kwa mwingine. Na cheo kikikuzuia kabisa na kazi uliyosomea, kumbuka kuwa Sheikh aliurudia uwaziri mara mbili, na mara ya tatu akaukataa, na katika kukataa kwake ndipo alipoandika karatasi 50 kwa siku.

Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, na atusamehe sisi pamoja naye, na awape shifaa wagonjwa wetu, na awape matabibu wetu baraka katika saa zao. Amin.